Dakika Kumi na Moja za Bi Subiri

Jina aliloandikiwa kwenye cheti cha kuzaliwa tunalijua yeye, mimi, na karani mmoja aliyestaafu zamani. Mji mzima unamwita Bi Subiri, nami nitamwita hivyo hivyo. Ni kifungua mimba wa fundi cherehani aliyeshona sare za shule tatu kwa mashine moja, na wa mkunga aliyewapokea mikononi nusu ya watu wanaonisalimia barabarani. Ni mwanamke wa kwanza wa mji huu kukalia kiti cha swichibodi ya posta, na ndiye wa mwisho kuinuka, maana siku aliyoinuka yeye mashine nayo ilizimwa. Aliunganisha simu za watu miaka thelathini na mmoja. Alisomesha wadogo wanne, mimi nikiwa kitinda mimba na mkaidi kuliko wote. Na aliwahi kumwambia mkuu wa nchi asubiri, naye mkuu wa nchi akasubiri dakika kumi na moja kwa saa ya ukutani.

Hilo la mwisho ndilo wanalolijua watu wote, na wanalijua kombo. Kinyozi wa karibu na soko anasimulia kwamba mkuu wa nchi alicheka na kumpongeza hapo hapo kwenye simu. Muuza magazeti anasema alimtumia saa ya dhahabu. Mwalimu mmoja aliwaambia watoto darasani kwamba alizawadiwa nyumba. Nyumba yenyewe ndiyo hii, vyumba vitatu, tuliyoijenga miaka kumi na miwili tofali kwa tofali. Kama kuna aliyetuzawadia basi alikuwa na mwendo wa kobe. Saa ya dhahabu sijaiona mpaka leo. Dada hajawahi kumsahihisha mtu. Wakimuuliza anawajibu, "Kwani mlikuwepo?" na mazungumzo yanaishia hapo.

Mimi nilikuwepo nusu. Nusu ya pili nimeisikia Jumamosi iliyopita, mimi nikiwa na miaka sitini na saba na yeye themanini na mmoja, na nitaieleza inavyotakiwa.

Kwanza mjue kazi yenyewe ilivyokuwa. Chumba cha swichibodi kilikuwa nyuma ya kaunta ya stempu, kidogo kama kabati la mtu mwenye nguo nyingi. Kilikuwa na dirisha moja lenye wavu, kiti cha mbao chenye mto alioushona baba yetu, saa ya ukutani, na ile mashine: ubao mrefu wenye matundu sitini na mawili, kila tundu na kifuniko chake kidogo cha shaba. Mteja akizungusha simu yake huko aliko, kifuniko chake kinaanguka, tak. Dada anachomeka waya na kuuliza, "Nambari, tafadhali?" Akishaambiwa anachomeka waya wa pili kwa yule anayetafutwa, watu wanaongea, wakimaliza anachomoa. Simu za nje ya mji zilipita kwenye laini mbili tu, kwa hiyo kila mtu alipewa dakika tatu. Zikiisha, opereta anaingia kwenye laini na kuuliza kama wamemaliza. Kama kuna mwingine anayengoja, wanakatwa.

Siku ya kwanza ya kazi aliapishwa, mkono wa kulia juu, mbele ya msimamizi wa posta ambaye sisi tulimwita Bwana Kanuni. Aliapa kwamba hatamwambia mtu yeyote, awe mume au mzazi, nani anaongea na nani na wanaongea nini. Dada alikishika kiapo hicho kuliko cha ndoa. Ndoa yake ilidumu miaka tisa. Kiapo bado kinadumu. Nyumbani tulikuwa tunajua fulani amefariki kwa kusikia vilio vya majirani, kumbe Dada ameshajua tangu asubuhi, na amekaa nasi anamenya viazi, uso mkavu kabisa.

Kitu kimoja tu alijiruhusu kusema. "Maneno yao ni yao," aliniambia, "lakini adabu waliyonitupia mimi ni yangu." Kwa hiyo watu wakubwa wote wa enzi zile niliwajua kwa adabu zao. Mkuu wa wilaya wa kwanza alimuuliza kila asubuhi kama ameamka salama, na alingoja jibu. Wa pili alitaja nambari kama mtu anayetema mbegu. Kulikuwa na mbunge aliyekuwa na tafadhali tamu sana, ila tafadhali yake ilikuwa ya miezi mitatu kila miaka mitano. Wakati wa kura Dada hakwenda kwenye mikutano kusikiliza ahadi. Alisema yeye anampima mtu kwa sekunde kumi za kwanza, kabla hajajua nani anamsikiliza, na sekunde hizo anazo tayari. Majirani waliona kiburi. Kilikuwa kiburi, sikatai, lakini sikumbuki akikosea zaidi ya mara mbili.

Sasa niwaeleze Jumamosi.

Binti yangu wa tatu aliteuliwa naibu waziri mwaka huu. Sijisifu, ni habari iliyotoka redioni. Alikuja kutusalimia na magari mawili, moja la kumbeba yeye na la pili sijui la kubeba nini. Akaingia, akamwamkia mama yake mkubwa kwa magoti mawili kama nilivyomfundisha, akakaa kwenye kochi, simu yake akaiweka mezani. Tukanywa chai. Hapo akaanza kulalamika, kama mtoto yeyote anavyolalamika akirudi kwa mama zake.

Rafiki yake alilazwa hospitali kubwa. Yeye alikuwa na nafasi ndogo kati ya mkutano na mkutano, akapita kumwona saa tano asubuhi. Mlangoni mwa wodi kulikuwa na muuguzi, mama mtu mzima tu, aliyemwambia kwamba saa ya kuona wagonjwa bado, madaktari wanapita vitandani, asubiri nje kwenye benchi. Binti yangu akajieleza. Muuguzi akarudia yale yale. Binti yangu akapandisha sauti, watu wakageuka, mkuu wa hospitali akaja mbio akiwa amevaa koti upande mmoja. Kufikia jioni yule muuguzi alikuwa ameondolewa wodini na kupelekwa kwenye chumba cha kufulia mashuka.

"Na sasa watu wanasema mimi ndiye niliyemtoa," alisema. "Mimi sikumtoa mtu. Nilimuuliza tu kama anajua anaongea na nani."

Dada aliweka kikombe chini. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini masikio ni yale yale.

"Hayo maneno niliwahi kuulizwa," akasema. "Aliyeniuliza ni yule yule wanayesimulia habari zake sokoni, ila wanaacha alichosema."

Binti yangu alitabasamu, akadhani anakuja kusikia kisa cha saa ya dhahabu. Hata mimi sikujua kinachokuja.

Siku hiyo ya dakika kumi na moja ilikuwa ya kazi, saa nane mchana, na joto la kuyeyusha mshumaa. Mwaka huo nilikuwa nimemaliza shule ya msingi na sina la kufanya, Dada akiwa na miaka ishirini na tisa. Baba alikuwa ameanza kupoteza macho, haoni tena tundu la sindano, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa imekaa juu ya kile kiti cha swichibodi. Dada alikuwa akisema hivyo kwa utani, kwamba kiti kile kina miguu minne na watu saba. Mkuu wa nchi alikuwa katika ziara na amepumzika kwenye nyumba ya wageni ya serikali, juu ya kilima. Laini moja ya nje ya mji ilikuwa imekatika, nguzo imeanguka mahali. Ikabaki moja.

Mapema kidogo zahanati ilikuwa imeomba hospitali ya mji mkubwa. Dada akawaunganisha. Dakika tatu zilipoisha akaingia kwenye laini kuuliza kama wamemaliza, akasikia sauti ya daktari wa upande wa pili ikisema, "Usimtapishe, nakwambia usimtapishe, mwache alivyo na umsikilize kifua." Siri hiyo hakuitoa Dada, fundi bati na mganga waliisimulia wenyewe mtoto alipopona: mtoto wa fundi bati alikuwa amekunywa mafuta ya taa, na mganga wetu wa zahanati, kijana mwenye nia njema, alikuwa tayari na maji ya chumvi ya kumtapishia. Dada akatoka kwenye laini taratibu, akawaacha.

Hapo ndipo kifuniko cha nyumba ya wageni kilipoanguka. Msaidizi wa mkuu wa nchi akasema anataka makao makuu, sasa hivi. Dada akamjibu kama alivyomjibu kila mtu, na ndipo lilipotoka jina lake: laini moja mbovu, ya pili ina mtu, subiri kidogo. Msaidizi akamwambia amkate huyo mtu. Dada akasema hawezi kumkata. Msaidizi akamuuliza mara ya pili kwa sauti nyingine, naye akamjibu kwa sauti ile ile. Kisha ikaja sauti ambayo nchi nzima ilikuwa ikiisikia redioni kila jioni.

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, mheshimiwa."

"Basi niunganishe."

Dada akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada. "Mheshimiwa, kuna mtoto amekunywa mafuta ya taa," akamwambia. "Daktari anawaelekeza zahanati namna ya kumshika. Wakimaliza, anayefuata ni wewe."

Mkuu wa nchi akasema wataona kesho ni nani amekaa kwenye hicho kiti. Hakukata simu. Aliiweka juu ya meza, na Dada alisikia chumba kizima: kijiko kikigonga glasi, mtu akikohoa, kiti kikivutwa. Akaitazama saa ya ukutani. Anasema dakika ya sita ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote, maana dakika tano za kwanza mtu bado ana hasira zake za kumshikilia, na kuanzia ya saba ameshakubali liwalo na liwe. Ya sita haina kitu. Dakika ya kumi na moja zahanati wakashukuru, wakakata. Dada akamuunganisha mkuu wa nchi na makao makuu bila kusema neno, na alichozungumza huko hakuna aliyekijua wala atakayekijua.

Alipogeuka, Bwana Kanuni alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mtu mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, mtu wa kupanga kalamu kwa urefu. Dada alikuwa amejiandaa kuulizwa kwa nini amemsubirisha mkuu wa nchi, na jibu alikuwa nalo, limechapwa kwenye karatasi ukutani, kifungu cha nne: simu ya hospitali haikatwi kwa ajili ya mtu yeyote. Bwana Kanuni hakuuliza hilo.

"Umemwambia nini kuhusu mtoto?" akauliza.

"Hapo ndipo nilipoliona kosa langu," Dada alituambia. Kwa miaka mitano hakuwa ametoa siri ya mteja hata kwa mama aliyemzaa, na sasa ameitoa kwa mtu wa kwanza aliyempandishia sauti. Alitakiwa kusema, "Laini ina mtu," basi. Awe mtoto, awe mzee, awe anaongea habari za harusi, ni siri ya mteja. Alikuwa ametafuta huruma ya mkubwa kwa kutumia jambo la mtu mwingine.

Bwana Kanuni naye alikuwa anatetemeka, tuseme ukweli. Aliandika barua saa ile ile: mhusika akae nyumbani mpaka atakapoarifiwa. Dada akaja nyumbani na ule mto wa kiti kwapani. Baba alipapasa mto, akaujua kwa mshono wake, hakuuliza kitu. Sote tulijua maana ya mpaka utakapoarifiwa. Karani mmoja wa mizigo alikuwa anangoja kuarifiwa mwaka wa sita, na ameshaanza kufuga kuku.

Kesho yake, kama saa nne asubuhi, muuza stempu alikuja kwetu anahema. Alikuwa mama mnene asiyekimbia hata mvua ikinyesha. Akasema Dada anaitwa posta sasa hivi. "Na uje na viatu," akaongeza, maana Dada alikuwa ameshafika barabarani peku. Nikamfuata. Nilisimama kwenye kaunta, nikaona kwa mlango ulioachwa wazi: Bwana Kanuni amekalia kiti cha swichibodi bila mto, anaruka, anampisha. Dada hakukaa. Aliweka visikizio masikioni, akasikiliza, akasema maneno machache, akasikiliza tena kwa muda mrefu. Mara moja nikaona bega lake linacheka. Kisha akavua visikizio, akazungumza na Bwana Kanuni. Tukarudi nyumbani, na mto bado uko nyumbani. Alikaa wiki mbili kamili, akasafisha kila sufuria ya jikoni mpaka mama akaficha zilizobaki. Siku ya kumi na tano akachukua mto wake akarudi kazini.

Miaka hamsini na miwili nimejiuliza: ukiitwa mbio mbio hivyo, unarudije nyumbani kukaa? Nilimuuliza nikiwa msichana, nikamuuliza nikiwa bibi harusi, nikamuuliza kwenye mazishi ya baba. Alinijibu kila mara kwamba nina maswali kama mtoza ushuru. Jumamosi, mbele ya binti yangu, akajibu bila kuulizwa.

Aliyekuwa kwenye laini ni mkuu wa nchi. Alikuwa ameshafika mji wa mbele, na hakutumia msaidizi. Dada alijua kwa sababu opereta wa huko, mtu aliyefahamiana naye kwa sauti tu, alimnong'oneza kwanza, "Amepiga mwenyewe, dada yangu, na nambari ameikosea mara mbili." Kisha mkuu wa nchi akaingia kwenye laini. Alitaja jina lake na la baba yake, kama mtu anayejitambulisha mlangoni. Cheo hakukitaja.

"Jana nilikusemesha vibaya," akamwambia. "Hasira ilikuwa yangu, wewe hukuwa na kosa. Nakuomba radhi. Mtoto anaendeleaje?"

"Samahani," Dada akajibu, "siruhusiwi kusema habari za mteja mwingine."

Mkuu wa nchi akacheka, si kicheko cha redioni, cha mtu aliyekamatwa. Hapo ndipo nilipoona bega la Dada. Mkuu wa nchi akasema amesikia kwamba Dada ametolewa kwenye kiti, na kwamba sasa hivi atamwamuru msimamizi amrudishe. Akamuuliza kama anataka hivyo.

Dada alisema hapana. Alimweleza polepole, kama anavyomweleza mteja mgeni namna ya kuzungusha simu. Kwamba kosa analo, ila silo lile lililomkasirisha mheshimiwa. Kosa hilo lina adhabu yake, wiki mbili, imeandikwa. "Ukimwamuru leo anirudishe," akamwambia, "kesho atakuja mwingine amwamuru anitoe, naye atakuwa ameshazoea." Mkuu wa nchi akafikiri. Akauliza sasa yeye afanye nini. Dada akamwambia afanye alichokwisha kufanya, inatosha. Ila akipiga siku nyingine akaambiwa laini ina mtu, asimlazimishe opereta kueleza ni nani.

Mkuu wa nchi akasema, "Nimekuelewa." Akaaga. Akangoja Dada aage naye, ndipo akakata.

Baada ya hapo ikabidi Dada ambembeleze Bwana Kanuni, maana yule bwana alikuwa amemwandikia barua ya kumtoa kwa hofu, na sasa alikuwa ameshachukua kalamu kuandika barua ya kumrudisha kwa hofu ile ile. Dada alimsimamia mezani. Kanuni inasemaje? Wiki mbili. Basi niandikie wiki mbili. Anasema mkono wa Bwana Kanuni ulitulia alipofika kwenye neno mbili, na kuanzia siku hiyo hakumwona tena akimtetemekea mtu. Aliwaandikia wakubwa wa kila aina barua za kuwanyima vitu, kwa mwandiko mzuri, mpaka alipostaafu.

Binti yangu alikuwa ameacha chai ipoe. Akamuuliza mama yake mkubwa kwa nini jambo zuri kama hilo amelificha miaka yote, wakati watu wanasimulia habari za yule mkuu wa nchi na saa ya dhahabu.

Dada akasema hakulificha. Yale maneno aliambiwa yeye, ni mali yake, na aliyaweka kwa sababu hakuona ambaye yangemfaa. Sokoni wanataka kiongozi asiyekasirika. "Hayupo," akasema. "Kila mwenye nyongo anakasirika. Mimi namtaka anayejua hasira ni ya nani. Yule wa kwangu alichelewa siku moja. Siku moja si mbaya."

Akageuza uso upande wa binti yangu. "Wewe una siku ngapi?"

"Tisa, mama mkubwa."

"Tisa," Dada akasema, basi.

Niliwaza nimtetee mwanangu. Nilifungua mdomo, Dada akainua kidole, nikaufunga. Nina wajukuu sita na bado naogopa kile kidole.

Binti yangu akasema sawa, amekosea, hakatai. Jumatatu atamwambia katibu wake aandike barua nzuri. Dada akauliza kama ni katibu aliyemfokea muuguzi. Hapana, si katibu. Basi katibu apumzike. Binti yangu akasema basi atampigia mkuu wa hospitali, amrudishe yule mama wodini leo leo. Dada akauliza, "Ulimwambia amtoe?" Hakumwambia. "Alimtoa kwa kukuogopa, atamrudisha kwa kukuogopa, na wiki ijayo atamtoa mwingine kabla hujafika hata getini. Huyo mkuu utaongea naye, lakini si kwanza."

"Sasa nifanyeje?" Alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, mikono katikati ya magoti, na sikumwona naibu waziri, nilimwona mtoto wa darasa la tatu aliyevunja dirisha la jirani.

"Tofauti ya mimi na huyo muuguzi," Dada akasema, "ni kwamba mimi nilikuwa na kosa. Yeye hana hata moja. Amesema subiri, na wakati wa kusubiri ulikuwa haujaisha. Kwa hiyo mimi sijui anataka nini. Labda wodi. Labda barua ya kusema hakukosea. Labda huko kwenye mashuka kumemfaa mgongo. Hakuna aliyemuuliza. Mimi niliulizwa."

Nje dereva alipiga honi kidogo, ya adabu, ya kukumbusha. Kulikuwa na mkutano mahali. Binti yangu akatazama mlango, akatazama simu yake pale mezani. Nimpe haki yake, niseme hivi: aliichukua. Akatafuta nambari ya hospitali mwenyewe, akakosea, akaipiga tena. Akaiweka sikioni. Hata mimi niliisikia ile milio mifupi mifupi.

"Ina mtu," akasema.

Ukutani sebuleni kwetu kuna saa ya mbao yenye kioo kilichopasuka pembeni. Ndiyo ile ya chumba cha swichibodi. Waliizima mashine, wakamwambia Dada achague kitu kimoja aondoke nacho, akachagua hiyo. Si ya dhahabu. Sasa Dada alikivuta kiti chake mpaka kikaelekea saa, ingawa mishale yake haioni tena.

"Mwambie dereva azime gari," akasema. "Wewe kaa hapo. Utapiga mpaka waitikie, na ukishaitikiwa utaomba chumba cha kufulia, si ofisi ya mkuu. Taja jina lako na la baba yako, cheo kibaki kwenye gari. Sema ulichofanya, umuulize anataka nini, halafu nyamaza ili ajibu. Na wakikuambia yuko kazini, usubiri, mwanangu, subiri."